Gitaa la Babu, Masikio ya Wajukuu

Bendi ya Zambia iliyovuma miaka ya 1970 imerudi na albamu ya rock yenye vionjo vya zamani. Tuliisikiliza pamoja hapa Kigoma, wapenzi kwa wapenzi, na mzee mmoja kati yetu. Maoni? Soma mwenyewe!

Hebu jibu haraka, bila kufikiria sana. Mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kusikiliza albamu nzima pamoja, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa lini? Namaanisha kusikiliza, siyo muziki unalia sebuleni huku mmoja anapika na mwingine anachati. Kama hukumbuki, usijali, tuko wengi. Siku hizi kila mtu ana simu yake na nyimbo zake. Mnaweza kulala kitanda kimoja miaka mitano na usijue mwenzio akiwa peke yake anasikiliza nini.

Ndiyo maana nilipoipata albamu ya Zango sikutaka kuisikiliza peke yangu. Mimi na mume wangu tunaishi Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Tukawaalika wenzetu Jumamosi jioni: mwalimu na mkewe ambaye ni nesi, wao wanatokea Ujiji, na kijana mwenye studio ndogo ya kurekodia bongo fleva akiwa na mchumba wake anayefanya kazi benki. Baba mkwe wangu, mstaafu wa bandarini, naye alikuwepo. Sharti lilikuwa moja tu: simu zote juu ya kabati mpaka albamu iishe. Migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo vingefuata baadaye. Si unajua tena, mtu mwenye njaa hasikii gitaa!

KWANI HAWA NI KINA NANI?

Kwa wasiowafahamu, bendi inaitwa WITCH. Jina linatisha, lakini ni kifupi tu cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wanakusudia kuleta vurugu. Walianza Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati shaba ikiingiza pesa nzuri na vijana wa miji ya migodini wakinunua magitaa ya umeme. Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina alilolipata kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones.

Walichanganya rock ya Uingereza na Marekani na midundo ya kwao, na muziki huo baadaye ukaitwa Zamrock. Utautambua kwa gitaa linalokwaruza kama redio iliyopitwa na stesheni. Siyo bovu, kuna kidude kinakanyagwa kwa mguu kuifanya sauti iwe hivyo. Pia wimbo mmoja unaweza kubadilika njiani: unaanza polepole, unakata kona, unakimbia, halafu unarudi ulikotoka. Hakuna haraka ya kufika kwenye kiitikio.

Halafu mambo yakaharibika. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, pesa zikapungua, na vita vya ukombozi vya nchi jirani vikaleta amri za kutotembea usiku. Jagari aliondoka kwenye bendi mwaka 1977, akafundisha muziki, na baadaye akaenda kuchimba vito. Bendi ikaendelea bila yeye, ikahamia disko, kisha ikanyamaza.

Zango ilitoka Juni 2023, karibu miaka 40 tangu albamu yao iliyotangulia. Jina lake lina maana ya mahali pa kukutania. Waliirekodia Lusaka, katika studio ileile ya DB waliyoitumia zamani. Jagari yupo, na Patrick Mwondela wa kinanda, aliyejiunga wakati wa disko, naye yupo. Wengine ni vijana kutoka Ulaya, pamoja na wageni kama Sampa the Great, dada wa kurap aliyezaliwa Zambia. Mwaka 2025 bendi ikatoa nyingine, Sogolo. Sisi tuliamua kuanza na hii ya kurudi.

NESI: MBONA SICHEZI?

Nesi ndiye aliyefungua kikao, na hakuzunguka. Kwake muziki ni kitu cha kumwinua mtu kwenye kiti. Alilalamika kwamba kila alipotaka kuanza kucheza, jamaa wanabadilisha mdundo. Gitaa linapiga peke yake mpaka unajiuliza mwimbaji kaenda kula. Alikiri wimbo mmoja tu umemgusa, Unimvwesha Shuga, kwa sababu hata kama lugha huijui, neno shuga halihitaji mkalimani.

Mumewe, mwalimu, akawa upande wa pili kabisa. Yeye alitega sikio kwenye maneno. Alitukumbusha kwamba Wabemba wa Zambia wanasema umuntu na abantu kama wanavyosema Waha wa hapa kwetu, na kwamba ziwa hili ni moja. Ukiteremka nalo kusini hadi mwisho unafika Mpulungu, bandari ya Zambia. Akauliza: kwa nini tunajua kila wimbo wa Kinshasa na wa Lagos, lakini wa jirani tunayechangia naye maji hatuujui?

Swali zuri. Na siyo kwamba Watanzania hawakuwa na rock yao. Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya Sunburst, vijana waliochanganya rock, soul na ladha ya nyumbani. Walirekodi albamu yao, Ave Africa, mwaka 1976, tena huko huko Zambia! Ilikaa gizani miaka 40 mpaka kampuni ya Strut ya Uingereza ilipoitoa upya mwaka 2016. Patrick Balisidya wa Afro 70 naye alishirikiana na bendi ya Sweden, Archimedes Badkar, wakatoa albamu iitwayo Bado Kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia rock siyo mambo yetu, mwambie akaulize wazee.

STUDIO NA BENKI WATOFAUTIANA

Hapa ndipo palipochangamka. Kijana wa studio alikuwa amefumba macho karibu muda wote. Alisema kinachompendeza siyo uzamani, ni hewa. Yaani unasikia watu wako chumba kimoja, mmoja anamsubiri mwenzake. Kwenye kazi yake, mdundo unatengenezwa leo kwenye kompyuta, mwimbaji anakuja kesho, na wa kushirikishwa anatuma sauti kwa simu kutoka Dar. Wimbo unatoka bomba, lakini wahusika hawajawahi kupeana mkono.

Mchumba wake hakukubali. Dada wa benki ana hesabu zake, na alizitoa. Kwanza, kama kuna Wazungu wengi kwenye bendi, je, hii bado ni ya Zambia? Pili, albamu za zamani zinapotolewa upya Ulaya na Marekani, nani anakula? Tatu, na hili lilimlenga mchumba wake waziwazi, kuna watu wanapenda ya zamani kwa sababu wanaogopa ya leo. Akasema amechoka kuambiwa kwamba kila kizuri kilikwishapita.

Kukawa kimya kidogo. Nilihisi hapa hatuzungumzii tena gitaa.

Kijana akajibu taratibu. Alisema hata wanaotoka Kigoma wamefanya hivyo: Diamond aliuchukua wimbo wa Saida Karoli wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwaka 2016 akatoa Salome na Rayvanny, na watu wakacheza, dada huyo akiwa wa kwanza! Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipokusanyika kwenye Leka Dutigite, walichukua maneno ya Kiha yaliyosemwa na bibi zao. Kwa hiyo kuchukua cha zamani siyo kosa. Swali ni kama mwenye nacho amekaribishwa mezani.

Na hapo mimi nikaungana naye. Tofauti ya Zango na albamu nyingi zinazoiga miaka ya 70 ni kwamba babu mwenyewe yumo ndani, mbele, na kipaza sauti mkononi. Vijana hawajamvalisha kama sanamu, na yeye hajawafunika. Sampa the Great naye hakualikwa kwa jina kubwa tu: jamaa wa familia yake, George Kunda, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa WITCH. Mwaka 2022 yeye ndiye aliyewaalika wazee hao kwenye albamu yake, As Above, So Below. Mwaka uliofuata wakarudisha fadhila.

BABA MKWE AKAFUNGUA KINYWA

Mzee alikuwa hajasema neno. Tulidhani amesinzia. Kumbe anasikiliza.

Alituambia miaka ya 1970 alisafiri na MV Liemba hadi Mpulungu mara kadhaa. Meli ile ya Kijerumani, iliyojengwa 1913, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, ilikuwa ndiyo barabara ya ziwa. Mpulungu alizikuta sahani za santuri za vijana wa Kizambia zikipigwa kwenye baa. Hapa Kigoma wakati huo rumba ya ng'ambo ndiyo ilitawala, kwa hiyo yale magitaa yalimshangaza. Akauliza: wale wengine wako wapi? Mbona namsikia mmoja?

Nikamweleza, Baba, kati ya wale wa mwanzo amebaki Jagari peke yake. Waliobaki wametangulia. UKIMWI uliwamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile cha Zambia, tangu miaka ya 1980.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema alidhani walichoka tu kupiga. Kisha akasema jambo ambalo mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kulisikia. Miaka hiyo bandarini alizika wenzake wengi, watu aliokula nao sahani moja, na kila msiba ulisemwa ni kurogwa, ni kifua, ni malaria. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa, hata yeye. Wajane waliachwa bila kujua, wengine wakafuata. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo, ule ukimya.

Nesi ndiye aliyetusaidia. Bila mahubiri, alimwambia mzee kwamba siku hizi mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Mtu anayezitumia vizuri, virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, haambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa, na mama anaweza kuzaa mtoto salama. Lakini yote hayo yanaanza na kitu kimoja: kupima, na kuambiana.

Dada wa benki akamgeukia mchumba wake. Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa anamwomba waende kupima pamoja kabla ya ndoa, na kijana kila mara ana kazi studio. Hakugombana. Alimuuliza tu, mbele yetu, kama na yeye ni wa kukaa kimya. Kijana akasema Jumatatu. Wameniruhusu niandike kwamba walikwenda. Majibu ni yao.

SASA, NI NZURI AU SIYO NZURI?

Tupige kura. Mwalimu, kijana wa studio na mume wangu: imetulia. Nesi: nyimbo mbili tatu, zilizobaki mpeni mwalimu. Dada wa benki: atairudia, ila bado anataka kujua nani anakula hela. Mzee: anaomba arekodiwe kwenye flash aende nayo kwake.

Kura yangu? Kuna mahali gitaa linatanga mno, nakubaliana na nesi. Lakini naipa alama za juu kwa sababu moja. Babu na vijana wamekaa chumba kimoja na kila mmoja anasikika. Kwa wapenzi hilo si dogo. Kila mmoja wetu anaingia kwenye uhusiano na zamani yake: nyimbo zake, wapenzi wake wa mwanzo, misiba isiyosemwa. Wengine tunaificha, wengine tunaitukuza mpaka mwenzio anajiona mgeni nyumbani kwake. Dawa ni kuipa zamani kiti chake, iseme, halafu na ya leo nayo iseme.

JARIBUNI HIVI

• Kila mwezi, mmoja achague albamu moja ambayo mwenzake haijui. Mwezi unaofuata zamu ibadilike.

• Simu kabatini. Saa moja tu, hamtakufa.

• Usiulize kama ameipenda. Uliza inamkumbusha nini, kisha nyamaza usikie.

• Mwalikeni mzee mmoja. Anaweza kujua jambo ambalo hata mwanawe hajawahi kuambiwa.

• Na kama kuna swali mnalolikwepa, msisubiri wimbo uwaulizie.

Je, wewe na mwenzi wako mtaanza na albamu gani?