Sato, ndimu na chupa ya Dodoma

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunamuaga mwenzetu wa kazini katika hoteli moja hapa Mwanza, kando ya ziwa. Tukaagiza sato wa kuchoma. Katika orodha ya vinywaji palikuwa na mvinyo mweupe wa Kifaransa, na chini yake maneno haya: mchanganyiko wa Bordeaux, unafaa kwa samaki. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anatuhudumia, mchanganyiko wa nini na nini? Akacheka. "Mzee wangu, mimi naleta tu." Nikauliza kama wana mweupe wa Dodoma. "Huo hatuweki. Wateja wanasema ni wa kanisani."

Kijana hakufundishwa, basi si kosa lake. Swali hilo nalijibu mimi leo.

Bordeaux ni eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mvinyo wao mweupe aghalabu hutokana na aina mbili za zabibu. Sauvignon Blanc huleta uchachu na harufu ya majani mabichi. Sémillon huleta uzito na ulaini. Ya kwanza ikiwa peke yake huweza kuwa kali, na ya pili ikiwa peke yake huweza kupooza. Ni sawa na mpishi anayetia tui la nazi kwenye mchuzi wa ukwaju.

Kwa nini samaki? Hapa hatumhitaji Mfaransa. Kila aliyekulia kando ya ziwa hili anajua kwamba sato bila ndimu hajakamilika. Shombo la samaki hutokana na kemikali za jamii ya magadi, na tindikali ya ndimu huzivunja nguvu. Mvinyo mweupe mkavu, yaani usiobaki na utamu wa sukari, nao una tindikali. Kwa maneno mengine, ni ndimu ndani ya glasi. Mvinyo mwekundu una ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mara nyingi ukikutana na mafuta ya samaki huacha mdomoni ladha kama ya chuma. Wasikilizaji wangu wasiotumia kileo hawakosi kitu: ndimu inatosha, na bei yake ni nafuu.

Ila samaki hawafanani. Sato wa kuchoma anataka mvinyo mwepesi. Mnofu wa sangara wenye mafuta unataka wenye uzito kidogo, na hapo ndipo mchanganyiko ule wa Bordeaux unapopata kazi. Dagaa wa kukaanga wenye chumvi yao wanapenda uchachu mkali. Lakini ukishamwagia pilipili, mvinyo mkavu hugeuka mchungu. Chagua wenye utamu kidogo, ama unywe maji. Tena uwe wa baridi. Ule wa kwetu ulikuja vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, tukaomba ndoo ya barafu.

Sasa huo wa Dodoma. Wamisionari Wakatoliki walipanda zabibu pale Bihawana miaka ya 1950, na jina la "mvinyo wa kanisani" likaganda. Lakini mashambani humo leo, pamoja na zabibu nyekundu ya Makutupora, imo Chenin Blanc, ambayo yenyewe ni Mfaransa wa bonde la mto Loire! Kwa asili ina uchachu mwingi, jambo linaloisaidia chini ya jua la Dodoma. Wafaransa huvuna mara moja kwa mwaka, Dodoma huvuna mara mbili. Si kila chupa ni nzuri, nisiwadanganye. Nimewahi kufungua moja iliyokuwa imekaa dirishani mwa duka, juani, nikaishia kuitumia kama siki kwenye kachumbari.

Linalonikera ni hili. Tangu miaka ya 1990 minofu ya sangara hutoka viwanda vya Mwanza kwenda Ulaya, sisi tukazoea mapanki. Kisha kutoka huko huko Ulaya inakuja chupa ya kuteremshia samaki wetu, na bei ya ile ya Jumamosi ingeninunulia sato wanne wakubwa pale Mwaloni, Kirumba. Reli inayofika hapa kwetu kupitia Tabora inapita Dodoma, na wakulima wa zabibu wa huko wamelia miaka mingi kwa kukosa soko, mavuno mengine yakiozea shambani. Ushuru wa mvinyo wa zabibu za nchini umewekwa chini ya ule wa mvinyo wa kigeni. Bado orodha ya hoteli haina hata mstari mmoja wa Dodoma.

Jumatatu nilinunua chupa mbili za mweupe mkavu mjini, nikaziweka kwenye jokofu. Ya kwanza tuliinywa nusu na sato, na iliyobaki mama watoto akaimimina kwenye sufuria ya sangara. Ya pili nimemwahidi yule kijana wa hotelini. Nitampelekea Ijumaa akimaliza zamu, aionje.