Viza ya masomo Uingereza: harambee ifanywe mapema

Mwanafunzi amepata nafasi chuoni Uingereza. Jamaa wanachanga, ng'ombe wanauzwa, na fedha zinaingia benki wiki moja tu kabla ya kuomba viza. Maombi hayo yanaweza kukataliwa hata kama fedha zimetosha.

Kwa anayejilipia, karo ya mwaka wa kwanza ambayo haijalipwa, pamoja na matumizi ya hadi miezi 9, lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya.

Akaunti yenyewe iwe ya mwanafunzi, mzazi au mlezi wa kisheria. Ya mjomba haikubaliki, hata akiwa ndiye aliyechanga zaidi, wala ya kamati ya harambee. Ikitumika ya mzazi, cheti cha kuzaliwa na barua yake ya idhini huhitajika. Basi kagua majina sasa, maana herufi moja iliyokosewa huchukua muda kurekebishwa.

Masomo yakizidi miezi 6, cheti cha kupimwa kifua kikuu kinahitajika pia. Kipimo hufanywa Nairobi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Cheti cha hospitali nyingine hakitoshi.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na usaidizi unapatikana Huduma Centre, Kitui na Wote. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya masomo. Wakala anayedai pesa akiahidi viza ya hakika anadanganya: uamuzi ni wa maafisa wa Uingereza pekee.