Riwaya za magwiji zimegeuka mateka wa mtihani

NGUGI wa Thiong'o alipofariki nchini Marekani mnamo Mei 28, 2025, akiwa na umri wa miaka 87, Kenya ilimlilia. Wanasiasa walituma risala za rambirambi, wasomi wakaandika tanzia na picha zake zikatanda kila mahali.

Hata hivyo, ukimwuliza Mkenya wa kawaida ni kitabu kipi cha Ngugi alichokisoma hadi ukurasa wa mwisho, aghalabu atakutajia The River Between. Sababu ni kwamba kitabu hicho kilitahiniwa alipokuwa katika shule ya upili. Petals of Blood na Caitaani Mutharaba-ini, vitabu ambavyo kwa hakika ndivyo vilivyomwongezea mwandishi huyo umaarufu na masaibu kwa pamoja, atavijua kwa majina tu, jinsi anavyoyajua majina ya barabara za jiji.

Ngugi si peke yake. Margaret Ogola alifariki 2011, Chinua Achebe akafuata Machi 2013, naye Grace Ogot akaaga Machi 2015. Mwaka wa 2020 ulikuwa wa majonzi zaidi kwa wapenzi wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari jijini Dar es Salaam, na miezi mitatu baadaye Ken Walibora akapoteza uhai baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi. Kila mara kilio huwa kile kile, na kila mara swali moja hukwepwa: ni nani anayewasoma waandishi hawa pasipo kushurutishwa na mwalimu?

Jibu lililozoeleka ni kwamba vijana wa leo ni wavivu na simu zimewateka akili. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli. Mtu anayechungulia simu yake kila baada ya dakika tano hawezi kuvumilia kurasa 300 za riwaya. Lakini simu iliikuta nyumba imekwisha kuingia nyufa. Utamaduni wa kusoma riwaya ulianza kuzorota kabla simu ya mkononi haijawa mali ya kila mtu, na ili kuelewa ni kwa nini, sharti itazamwe njia ambayo kitabu hupitia hadi kumfikia msomaji.

Kulikuwa na wakati ambapo njia hiyo haikupitia darasani pekee. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa 1948, lilikuwa likichapisha vitabu vya bei nafuu na kuandaa mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili. Ni mashindano hayo ya 1957-58 yaliyomwibua Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka 1960 na kumtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mtulivu aliyependa kiko chake kuliko maneno mengi. Wasomaji walimfuata Bwana Msa kutoka kitabu hadi kitabu kwa sababu walitaka kujua muuaji ni nani.

Mnamo 1962, kampuni ya Heinemann ilianzisha mfululizo wa African Writers Series, Achebe akiwa mshauri wake wa kwanza, na Things Fall Apart, iliyokuwa imechapishwa 1958, ikapewa nambari moja. Nairobi nayo ikapata East African Publishing House mwaka wa 1965. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa The Promised Land ya Grace Ogot mnamo 1966, Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi mnamo 1969 na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed mnamo 1972.

Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba katika miaka hiyo ya 1970 magwiji wa Afrika walianza kuzungumza Kiswahili. Things Fall Apart ikawa Shujaa Okonkwo, kwa tafsiri ya Clement Ndulute. The River Between ikawa Njia Panda, kazi ya John Ndeti Somba. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyekuwa ametoka gerezani 1972, aliitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana na kuiita Wema Hawajazaliwa. Houseboy ya Ferdinand Oyono wa Cameroon ikawa Boi. Kwa muda mfupi, mtu aliyejua Kiswahili pekee angeweza kulizunguka bara zima akiwa ameketi kibarazani kwake. Nyingi za tafsiri hizo ni adimu madukani hivi leo.

Pembeni mwa magwiji hao palikuwa na waandishi wa vitabu vya mapenzi, ulevi na ujanja wa mjini. Charles Mangua alitoa Son of Woman mnamo 1971. David Maillu aliunda kampuni yake mwenyewe, Comb Books, na kutoa vijitabu vya kutia mfukoni kama My Dear Bottle na After 4.30. Wahakiki wa vyuo vikuu waliwabeza waandishi hawa, na Tanzania ikapiga marufuku kazi za Maillu. Huenda wahakiki walikuwa na haki kuhusu ubora wa baadhi ya vitabu hivyo. Hawakuwa na haki kuhusu msomaji. Karani aliyenunua Maillu mwisho wa mwezi alikuwa akijenga mazoea ya kutoa pesa zake kununua kitabu, na mazoea hayo ndiyo yaliyomfikisha kwa Ngugi.

Kilele cha usomaji huo kilionekana 1980. Ngugi alikuwa ametiwa kizuizini mnamo Desemba 31, 1977, baada ya serikali kuupiga marufuku mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliokuwa ukiigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru. Akiwa katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini kwa Kikuyu, juu ya karatasi za chooni. Aliachiliwa Desemba 1978.

Kuichapisha kulihitaji moyo. Henry Chakava, aliyekuwa akiiongoza Heinemann tawi la Kenya na ambaye alifariki Machi 2024, alitishiwa, akavamiwa na kujeruhiwa mkononi. Hata hivyo hakurudi nyuma, na riwaya ikatoka Aprili 1980.

Wachapishaji walipiga chapa nakala 5,000, wakitarajia kwamba zingemalizika baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mwezi mmoja ulitosha kuwalazimisha kuchapisha nakala nyingine 5,000. Kabla ya mwaka kwisha, jumla ya nakala 15,000 zilikuwa zimechapishwa. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa akitahiniwa kwa kitabu hicho.

Ngugi mwenyewe alieleza baadaye, katika Decolonising the Mind, jinsi riwaya hiyo ilivyosomwa. Jamaa zilikusanyika nyumbani jioni na mmoja aliyejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi waliisoma wakati wa mapumziko ya mchana. Ilisomwa ndani ya mabasi na hata katika mabaa. Humo mabaani, msomaji alikuwa na ujanja wake: akifika mahali patamu, ghafla anagundua kwamba glasi yake ni tupu, anakiweka kitabu chini, na wasikilizaji hawana budi kumwagizia nyingine ndipo kisa kiendelee.

Watu hao hawakuwa wasomi. Wengine hawakujua kusoma kamwe. Lakini kitabu kilikuwa katika lugha waliyoiota usiku, kilizungumzia mashamba, viwanda na mabwanyenye waliowajua, na kilikuwa kikipatikana. Ni vigumu kuitazama picha hiyo kisha kudai kwamba Mwafrika hana hulka ya kusoma.

Mambo yalibadilika kwa haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kusambaratika 1977, na pamoja nayo soko moja la vitabu la nchi tatu. Riwaya iliyochapishwa Nairobi haikuweza tena kuvuka hadi Moshi au Mwanza kwa wepesi. East African Publishing House iliporomoka katika miaka ya 1980. Serikali nayo ikawa inamtazama mwandishi kwa jicho la mpelelezi. Ngugi, aliyekuwa amekwenda uhamishoni 1982, alipotoa Matigari mnamo 1986, inasimuliwa kwamba wakuu wa dola waliamuru mhusika mkuu wa riwaya hiyo akamatwe, kabla ya kung'amua kwamba ni mtu wa kubuniwa. Badala yake nakala za kitabu zikatwaliwa madukani. Katama Mkangi, mwandishi wa Ukiwa na Mafuta, naye alionja kizuizi katika muongo huo huo.

Mchapishaji ni mfanyabiashara. Alipoona kwamba soko la wazi limejaa hatari na hasara, alikimbilia mahali ambapo mnunuzi ni wa lazima, yaani shuleni. Tangu hapo, swali la kwanza ambalo mswada wa riwaya huulizwa ni iwapo unaweza kuidhinishwa kwa mtihani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo hadi 2013 iliitwa KIE na sasa ni KICD, hutathmini vitabu na kuteua vichache vya kutahiniwa kwa miaka kadhaa. Riwaya iliyoteuliwa husomwa na kila mtahiniwa wa KCSE katika kipindi hicho. Mwandishi wake hualikwa shuleni na hukaririwa na vijana kutoka Vanga hadi Lodwar. Siku inapoondolewa kwenye orodha, mauzo hukatika kama maji ya mfereji. Wauzaji huirudisha stooni, na wauzaji wa nakala haramu huhamia kwenye kitabu kipya.

Kwa nyakati mbalimbali, orodha hiyo imewapitisha Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Walibora, na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Itakuwa choyo kukana manufaa yake. Siku Njema, iliyotoka 1996, ilikipa kizazi kizima cha Wakenya rafiki mmoja aitwaye Kongowea Mswahili, kijana aliyesafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Watu wazima ambao hawajafungua riwaya nyingine tangu wakamilishe kidato cha nne bado humtaja kwa mapenzi.

Tatizo ni mazoea yanayojengwa. Mwanafunzi hufundishwa kuisaka riwaya maudhui, wahusika na mbinu za lugha, kisha hununua mwongozo unaomtafunia yote hayo. Wapo wanaofaulu mtihani bila kukisoma kitabu chenyewe. Mwanafunzi wa namna hiyo akimaliza shule huiona riwaya kama sare: vazi lililokuwa la lazima, na ambalo hana haja nalo tena.

Kwa waandishi ambao hawakupata bahati ya kuorodheshwa, au ambao zamu yao ilipita zamani, hali ni mbaya zaidi. Kichwamaji ya Kezilahabi, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman na Walenisi ya Mkangi ni miongoni mwa riwaya bora kuwahi kuandikwa kwa Kiswahili. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kufa kwa kufungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, kisha anajikuta katika nchi ambayo jina lake, likisomwa taratibu, linasema "wale ni sisi". Kijana wa Kilifi, kaunti alikotoka mwandishi huyo aliyefariki 2004, anaweza kumaliza chuo kikuu bila kukiona kitabu hicho kwa macho.

Sera za serikali hazijasaidia. Sheria ya VAT ya 2013 ilivitoza vitabu ushuru wa asilimia 16. Mnamo 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka katika shule za umma. Mpango huo uliwafaa wazazi na kuziba mianya ya ufisadi, lakini uliyanyima maduka ya vitabu ya mashinani biashara iliyoyaweka hai. Duka lililoishi kwa kuuza vitabu vya hisabati ndilo pia lililokuwa na rafu moja ya riwaya. Maktaba nazo zilikabidhiwa kaunti na Katiba ya 2010, na ni wazi kwamba gavana hapigiwi makofi kwa maktaba jinsi anavyopigiwa kwa barabara.

Dalili za uhai hazijakosekana. Tangu 2018 shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana na Kaunti ya Nairobi kukarabati maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Wauzaji wa vitabu vikuukuu wanaovitandaza kando ya barabara za Nairobi, maduka ambayo wenyeji wamezoea kuyaita "inama", hawajawahi kukosa mnunuzi. Na baada ya Abdulrazak Gurnah, mzawa wa Zanzibar, kutuzwa Nobeli ya Fasihi 2021, riwaya yake Paradise ya 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022 kwa jina la Peponi. Ilichukua miaka 28 kwa kitabu hicho kufika katika lugha ya mahali kinapozungumzia.

Wakati huo huo, hata ule mlango mmoja wa shule unaelekea kuwa mwembamba. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walijiunga na Gredi ya 10 Januari 2026. Kiswahili kimebaki somo la lazima katika sekondari pevu, lakini Fasihi ya Kiswahili, sawa na Fasihi ya Kiingereza, ni somo la hiari kwa wanaochagua mkondo wa sayansi za jamii. Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wataufanya mtihani wao wa KCSE mwaka wa 2027. Riwaya wanayoisoma ni Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na nakala zake zingali zinauzwa.