FAKULTE YA EKONOMI AO ISC?



Sisi wa mwaka wa sita, tangu Pasaka ulizo ni moja tu kwenye internati: kisha diploma ya Etat, kwenda Fakulte ya Ekonomi pale Universite ya Lubumbashi, ao kuingia ISC, chuo kikubwa cha biashara? Wengi wanazani ni kitu kimoja. Hapana.

Tutwae mufano wa feza yetu. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa na bei ya dola mbili. Mwaka 1993 wakatoa zaire mupya, moja kwa 3 000 000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mupya 100 000. Mutu wa ekonomi anauliza: sababu gani? Nani alichapa noti nyingi, shaba ilileta nini, Serikali ilikopa kiasi gani? Mutu wa ISC anauliza ingine: niko na mifuko kumi ya unga, kesho nitauzisha bei gani ili nipate kununua ingine kumi? Wazazi wetu waliumizwa na jambo la kwanza, wakaokoka kwa la pili.

Wale wa option komersiale, musikilize. Debi na kredi tunajua, lakini kwenye fakulte ni hesabu na statistike ndizo zinatungojea. ISC ndiko kontabilite, kodi na duane vinashikwa kwa nguvu. Tena Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, inchi 17: anayejua vitabu vile hapa anavijua mpaka Dakar na Douala.

Wakubwa wengine wanatushauri bado kwa hesabu ya zamani, gradua miaka mitatu na lisanse miwili. Tangu 2021-2022 LMD imeingia: lisanse ni mitatu, master miwili juu yake, pande zote.

Mwenzetu mumoja amelia juu ya jambo hili. Baba yake mukubwa ndiye atalipa minerval, na anataka kijana ashike vitabu vya duka. Yeye roho yake iko kwa ekonomi. Tulimwambia asibishane na muzee mbele ya watu. Amwendee mangaribi, na daftari ya feza mukononi. Kwa mawazo yetu, mwenye wadogo wanaomungojea nyumbani, ISC haiko haya. Lakini huyu anapata pointi za hesabu kuliko sisi wote, na ingekuwa hasara.

Muzee amejibu atafikiri. Siku ya posho tunashuka mjini kuomba programu za mwaka wa kwanza, za pande mbili. Anayetaka kuja, aandikishe jina mbele ya alhamisi.