Uhai huanza lini? Kifungu cha 26 na nusu ya sheria isiyojulikana

CHEPILAT ni kituo cha biashara kilicho mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, katika barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Sotik. Upande mmoja wanaishi Wakipsigis na upande wa pili Abagusii, na kote majani chai ndiyo riziki ya wengi. Jamii hizi mbili zimewahi kupigana kwa sababu ya mipaka na mifugo, lakini kuna jambo moja ambalo hazitofautiani sana. Katika makanisa ya pande zote, kuavya mimba huhubiriwa kuwa dhambi, na wengi huamini pia kwamba sheria ya Kenya imekataza tendo hilo katika hali zote.

Imani hiyo ya pili ni nusu tu ya ukweli, na nusu isiyojulikana imegharimu maisha.

Mwaka wa 2014, msichana mmoja wa eneo la Kisii, aliyetambulishwa mahakamani kwa herufi JMM pekee, alinajisiwa na kupata mimba. Hakuwa ametimiza miaka 18. Mimba hiyo ilitolewa kisiri na mtu asiye na ujuzi, na msichana akaanza kutokwa na damu. Alipelekwa hospitali ya Kisii, akahamishiwa Tenwek, hospitali ya misheni iliyo karibu na mji wa Bomet, na hatimaye Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, figo zikiwa tayari zimeharibika. Alifariki mwaka wa 2018.

Kesi iliyowasilishwa na Shirikisho la Mawakili Wanawake (FIDA) pamoja na mamake msichana huyo ndiyo iliyoilazimisha Mahakama Kuu kufafanua maana ya Kifungu cha 26 cha Katiba.

Kifungu hicho kina sehemu nne. Ya kwanza yasema kila mtu ana haki ya kuishi. Ya pili yasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ya tatu inakataza kumnyima mtu uhai kimakusudi, isipokuwa kwa kiwango kilichoidhinishwa na Katiba au sheria nyingine. Ya nne yasema kuavya mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine yoyote inaruhusu.

Sehemu ya pili ndiyo inayokumbukwa mimbarini. Ya nne hutajwa kwa nadra.

Maneno hayo yalizua mvutano mkali kabla ya kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini kuipinga Katiba, wakisema sehemu ya nne ingefungua mlango wa uavyaji mimba kiholela. Bw William Ruto, aliyekuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini, aliongoza kundi la La lililotumia rangi nyekundu. Katiba ilipitishwa kwa takriban asilimia 67 ya kura, lakini Mkoa wa Bonde la Ufa, uliojumuisha Kericho na Bomet, ulipiga kura nyingi za La.

Hata hivyo, Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni haikuondolewa. Kwa mujibu wa sehemu za 158 hadi 160, anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka saba, na anayetoa dawa au vifaa miaka mitatu. Cha kushangaza ni kwamba sheria iyo hiyo, katika sehemu ya 214, yasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale tu anapotoka kikamilifu tumboni mwa mamaye akiwa hai. Hivyo basi, Kenya ina majibu mawili kwa swali moja: Katiba inauhesabu uhai tangu kutungwa kwa mimba, nayo sheria ya mauaji inamhesabu mtu tangu kuzaliwa.

Katikati ya majibu hayo wapo wahudumu wa afya. Septemba 2012, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza, kisha ikauondoa Desemba 2013. Februari 2014 ikapiga marufuku mafunzo ya utoaji mimba salama. Muuguzi wa zahanati ya mashambani akabaki bila mwongozo, akijua tu kwamba kuna jela.

Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba hatua hizo za wizara zilikiuka haki za wanawake. Walisema kuavya mimba bado kumekatazwa, ila katika hali zilizotajwa na Katiba, na kwamba mimba iliyotokana na ubakaji au unajisi inaweza kutolewa iwapo mtaalamu ataona maisha au afya ya mama, ikiwemo afya ya akili, imo hatarini. Mamake JMM aliamriwa alipwe fidia ya Sh3 milioni.

Wanaopinga tafsiri hiyo wana hoja isiyopuuzwa. Wanauliza: ikiwa uhai huanza mimba inapotungwa, je, neno "afya" halitatanuliwa hadi likafuta ulinzi wa mtoto ambaye hawezi kujitetea? Wanaoiunga mkono hujibu kwamba sheria kali haiondoi uavyaji mimba, bali huuhamishia uchochoroni. Utafiti uliohusisha Wizara ya Afya ulikadiria kwamba mwaka wa 2012 pekee mimba zipatazo 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa madhara yake.

Kwingineko duniani swali hili limezua misukosuko iyo hiyo. Ayalandi iliweka katika katiba yake, mwaka wa 1983, haki sawa ya kuishi kwa mama na mtoto aliye tumboni. Mwaka wa 2012, Savita Halappanavar alifariki hospitalini Galway baada ya kukataliwa ombi la kutolewa mimba iliyokuwa ikiharibika, na mwaka wa 2018 wapigakura wakakiondoa kipengele hicho. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ya jimbo la Alabama iliamua Februari 2024 kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto kisheria, na baadhi ya kliniki zikasitisha huduma kwa wanandoa waliotafuta mtoto.

Mjadala kuhusu uhai huanza lini hautaisha mahakamani, kwa kuwa mizizi yake imo katika imani. Lakini lipo jambo lisilohitaji mjadala. Kifungu cha 43 cha Katiba chasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Msichana anayetokwa na damu, awe ameharibikiwa na mimba au ameitoa, ana haki ya kupokewa katika hospitali yoyote na kutibiwa kwanza. Mzazi wa Chepilat anayelijua hilo hatamficha bintiye nyumbani kwa hofu ya polisi hadi muda wa kumwokoa upite.