Tulifikiri anadharau chakula chetu

Wamama wenzetu, juma hili tunaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Mwezi uliopita tulialikwa kwenye sherehe ya mahari hapa Bukavu. Kikundi chetu kilipika tangu alfajiri: bugali ya muhogo, sombe, sambaza wa kukaanga, nyama ya mbuzi, maharagi, ndizi. Mezani tuliketi na mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji kumtazama mama yake. Wengi wetu tulimjua tangu usichana wake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, wa kwanza kufika jikoni na wa mwisho kuondoka. Sasa amekuwa mwembamba, shingo imerefuka. Alijipakulia sambaza wanne, vijiko viwili vya maharagi, na bugali kiasi cha ncha ya kidole gumba. Sahani zetu zilikwisha, naye bado alikuwa anatafuna samaki wa pili.

Basi tukaanza. Mmoja akamwongezea sombe bila kumuuliza. Mwingine akasema: «Kula, mama! Huko Ulaya walikunyima?» Wa tatu akataja SIDA, kwa sauti aliyofikiri ni ya chini. Kisha mtu akafungua chupa ya sukre, akamjazia kilasi, tukamwangalia wote mpaka akainywa. Alikunywa ili tunyamaze. Haikupita nusu saa akainuka, akatoka nje. Tulimkuta nyuma ya nyumba amelala juu ya kikwembe, jasho linamtoka, moyo unampiga mbio, mikono inatetemeka. Akatuambia: «Msiogope, itapita. Ni ile sukre.»

Kwenye kikao cha MUSO cha juma lililofuata aliomba nafasi ya kusema. Alisema kwa saa nzima. Ametukubalia kuandika, mradi tusitaje jina lake.

Miaka 9 iliyopita, huko Ubelgiji, alipasuliwa ili kupunguza uzito. Alikuwa na kilo 128, ugonjwa wa sukari, na magoti yaliyomfanya ashuke ngazi kwa kurudi nyumanyuma. Alikuwa amejaribu kufunga kula, chai za kupunguza mwili, vidonge vya sokoni. Kila mara alipungua, kisha kilo zilirudi na wenzao.

Kazi waliyomfanyia waganga ni hii. Mfuko wa chakula ulio ndani ya tumbo walikata sehemu ya juu kabisa, wakabakiza kifuko kidogo kinachoingia kiasi cha mililita 30, yaani kama vijiko viwili vya supu. Kifuko hicho wakakiunganisha na utumbo mdogo huko chini, chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya utumbo. Mbinu hiyo ilianzishwa mwaka 1966 na muganga Edward Mason wa Iowa, Marekani. Aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba, akajiuliza kama jambo hilo lingeweza kuwasaidia wengine. Kuna njia nyingine, inayofanywa sana siku hizi, ambapo karibu robo tatu au zaidi ya mfuko inakatwa na kutupwa, unabaki kama bomba jembamba. Mwenzetu alifanyiwa ile ya kwanza.

Ndiyo maana sukre ilimwangusha. Kwa kawaida mfuko wa chakula unashika sukari na kuiachilia kidogo kidogo. Kwake hakuna mlango wa kuizuia. Inamwagika kwenye utumbo kwa mara moja, maji ya mwili yanakimbilia huko, moyo unaenda mbio. Saa moja au tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka chini sana, akatetemeka tena. Tulimpa kilasi hiyo kwa upendo, na kwa ukaidi pia.

Juu ya miezi ya kwanza hakusema mengi. Alikunywa supu na maziwa tu, kisha vyakula vya kusaga kama vya mtoto, kisha vilaini. Kilichomliza, alisema, siyo njaa. Ni kukosa njaa. Mfuko wa chakula ndio unaotengeneza sehemu kubwa ya homoni inayotupa njaa, na baada ya kupasuliwa, homoni za tumbo zinabadilika. Alipita mbele ya mkate unaotoka tanuruni asisikie chochote. «Nilikuwa kama mjane,» alisema. Wamama walicheka, kisha wakanyamaza.

Njaa ilirudi katika mwaka wa pili. Wengi hawaambiwi hilo. Kilo pia zikajaribu kurudi: alikuwa ameshuka mpaka 71, na katika mwaka wa tano akajikuta na 80. Hakuwa anakula sahani kubwa, hawezi. Ilikuwa biskuti mbili, karanga, biskuti tena, mchana mzima mbele ya televisheni. Vitu laini na vitamu vinateleza bila kujaza kifuko. Ilimbidi ajifunze kukaa mezani upya, na hapo ndipo hadithi yake ilipotushangaza, maana tulingojea masikitiko, naye akaanza kutueleza juu ya utamu.

Anasema zamani alionja chakula kwenye matonge matatu ya kwanza tu. Mengine yote yalikuwa ya kujaza. Sasa ana nafasi ndogo, na amekuwa mtu wa kuchagua. «Kama nina vijiko sita tu, sitaki hata kimoja kiwe kibaya.» Nyama ya mbuzi iliyokauka haigusi, haitafuniki vizuri na inamkwama kifuani. Maharagi yaliyolala anayasikia kwa harufu kabla hayajafika mezani. Tulikwenda naye soko ya Kadutu, tukaona jinsi anavyonunua sambaza: anawageuza, anawanusa, anamwuliza mama muuzaji walivuliwa usiku gani. Tulidhani anajivuna. Lakini aliponunua kopo moja, akatuchomea kwa ndimu na chumvi kidogo, sisi tuliozaliwa kando ya Kivu tulikubali kwamba hatujawahi kula sambaza kwa makini hivyo. (Wazee wanajua kwamba sambaza siyo wa asili ya ziwa letu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angeweza kupika bila wao?)

Mpango wake wa kula ni huu. Kwanza samaki, yai au maharagi; halafu mboga, lengalenga anaipenda kuliko zote; bugali mwisho kabisa, kama nafasi imebaki. Sisi tunafanya kinyume, bugali ndiyo chakula na mengine ni ya kuisindikiza. Sababu yake ni kwamba mwili wake unahitaji protini kiasi cha gramu 60 kwa siku hata kidogo, la sivyo nyama ya mikono na miguu inaisha na nywele zinatoka. Yai moja lina gramu 6 hivi. Bugali ya muhogo haina karibu kitu. Tena bugali ya kuvutika, ile tunayosifu, inaweza kukwama kama kizibo. Anakata kipande kidogo kama punje ya hindi, anakiloweka kwenye mchuzi, anatafuna. Mkate laini na wali vinamsumbua vilevile. Maji hanywi pamoja na chakula, anangoja nusu saa.

Na sombe? Anaila. Hiyo ndiyo aliyoiota miaka yote huko Ubelgiji. Anaomba tu mawese yasiwe mengi, maana mafuta mengi yanamharibu tumbo. Vijiko vitatu, macho yamefungwa. Mmoja wetu alisema hajawahi kuona mtu anayekula sombe kana kwamba anasikiliza kitu.

Lakini kuna mwaka ambapo kila kitu kilikuwa na ladha ya majivu. Alikuwa anajisikia mzima, akaacha vidonge vya vitamini karibu miaka miwili. Ulimi ukawa laini na mwekundu, ukachoma hata kwa chai. Nyayo zikafa ganzi, damu ikapungua. Ilikuwa ukosefu wa vitamini B12 na madini ya chuma, kwa sababu ile sehemu ya utumbo inayorukwa ndiyo inayochukua chuma, na kifuko kidogo hakiwezi tena kuitoa vizuri B12 ndani ya chakula. Alipigwa sindano kwa miezi. Ladha ilirudi kwanza, ganzi ilichelewa. Tangu hapo anabeba chupa zake: vitamini za kila siku, B12, chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D. Chuma na kalsiamu hazimezwi pamoja, anaweka saa mbili katikati, na chuma hakinywewi na chai. Ni vidonge vya maisha yote.

Tunaandika hayo kwa urefu kwa sababu wako wamama na dada zetu wanaofanyiwa kazi hiyo huko ng'ambo, wanarudi nyumbani, na hawasemi. Kuna mambo mengine matatu ambayo sisi tunaoishi nao tunapaswa kuyajua. La kwanza ni diklofenaki na ibuprofeni. Hapa kwetu mgongo ukiuma tunagawana diklofenaki kama pipi. Kwa mtu aliyepasuliwa hivyo, dawa hizo zinaweza kumtoboa kidonda pale palipounganishwa; aulize muganga, ambaye kwa maumivu ya kawaida mara nyingi atampa parasetamoli. La pili ni pombe. Inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani, na wapo waliopona uzito wakaanguka kwenye chupa. Kilasi moja ya kasiksi kwake ni zaidi ya moja yetu, tusimlazimishe. La tatu ni mimba. Waganga wanashauri kungoja kati ya miezi 12 na 18 baada ya kupasuliwa, na vidonge vya kupanga uzazi havitegemewi vizuri baada ya operesheni kama yake. Kuna njia nyingine za kumwuliza muganga.

Hatumwiti mtu kwenda kupasuliwa. Ni kazi ya gharama, na inahitaji kupimwa damu kila mwaka. Yeye mwenyewe anasema angefanya tena, ila angemwambia mama yake mapema zaidi.

Maana hilo ndilo lililomrudisha. Kwa miaka 9 hakumwambia mama yake mzazi. Aliogopa maswali ya familia, aliona haya kusema kwamba alikatwa tumbo zima kwa sababu ya kula, huku nyumbani kuna siku ambazo sufuria haikuwekwa motoni. Mama alikuwa anaziona picha tu, mtoto anazidi kukonda. Alihesabu kama wazee wanavyohesabu: mtoto anayekonda na haongei ana ugonjwa mbaya, au amerogwa. Akaanza kuweka franka kidogo kidogo ndani ya kopo la maziwa kwa ajili ya kilio chake. Mwenzetu aliona kopo hilo siku ya tatu baada ya kufika, akauliza ni la nini, akajibiwa.

Alimweleza usiku huo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: «Ile sehemu ya mfuko waliyoitenga, haikuoza ndani?» Haijaoza, inabaki hai na inaendelea kutoa maji yake ya kusaga chakula. Mama akafikiri. Akasema basi ni sawa, hata jiwe la akiba la mafiga linakaa pembeni na halipotei. Hakusema zaidi, na mwenzetu hakulala, kwa sababu kesho yake mama aliamka akapika bugali ya watu wanne, kama kila siku.

Iliendelea hivyo karibu majuma mawili. Mama anapakua mlima, binti anakula kando ya mlima, mama anachukua sahani bila neno na kuwapa watoto wa jirani. Ile sherehe ya mahari tuliyoharibu ilikuwa katikati ya siku hizo. Mama alikuwapo. Alimwona binti yake chini kwenye kikwembe, akatuona sisi na chupa yetu.

Juzi tulipita kwao kuwasalimu. Tulikuta chakula kinawekwa. Mama mzee alileta sahani zetu zimejaa, na hakuna aliyekataa. Halafu akarudi jikoni, akaja na kisosi cha chai, kile cha zamani chenye maua, na juu yake sambaza watatu, sombe kiasi cha kijiko, na tonge moja dogo la bugali alilolifinyanga mwenyewe. Akakiweka mbele ya binti. Mmoja wetu, mkono wake ukiwa umezoea, alinyosha kijiko ili amwongezee. Mama mzee akaupiga ule mkono.