Shamba la mizabibu na sentensi moja ya Kiingereza

Niliingia steshenari moja karibu na Chimwaga, hapa Dodoma, kutoa kopi ya kitambulisho, nikamkuta dada mmoja akikagua kurasa za tasnifu yake kabla hazijabaindiwa. Mimi nilivutwa na kaunta buku lililokuwa wazi pembeni yake. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mstari wa rula katikati. Kushoto, mwandiko umesongamana mpaka ukingoni. Kulia, mistari miwili mitatu, kisha weupe mtupu.

Ni hakimu wa mahakama ya mwanzo katika wilaya mojawapo ya mkoa huu, na anasoma shahada ya uzamili ya sheria hapa jijini. Jina lake silitaji, kwa sababu mtumishi wa umma haongei na gazeti bila kibali. Tasnifu yake inahusu wajane na mirathi ya kimila. Upande wa kushoto amenakili maneno ya mashahidi kama yalivyo kwenye majalada, majina yakiwa yameondolewa. Upande wa kulia ni Kiingereza kilichoingia kwenye tasnifu.

Nilimwomba anisomee ukurasa mmoja. Mjane anaeleza kwamba mumewe alipozikwa, shemeji zake walikaa matanga wakila mtama wa ghala lake. Tanga lilipoanuliwa, mdogo wa marehemu akamwambia kwamba shamba la zabibu ni la ukoo. Mama akajibu kuwa mashimo ya mizabibu ile aliyachimba yeye, akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, mumewe yuko Dar es Salaam kwenye vibarua. Maji aliyabeba kichwani kiangazi kizima. Huyo shemeji alifika shambani mara moja, siku ya mavuno, akala zabibu akaondoka. Mama akamtaja jirani aliyemwona akichimba. Akautaja na mkwaju aliokuwa akimlaza mtoto wa pili kivulini pake, ulipo hasa, na jinsi alivyolazimika kuusogelea kila jua lilipogeuka.

Upande wa kulia kuna sentensi moja. Inasema mdai alidai kuchangia uendelezaji wa mali, na ndugu wa marehemu wakapinga.

“Hiyo sentensi haina kosa,” alisema. “Msimamizi wangu ameipitisha, na mimi ningekuwa yeye ningeipitisha. Lakini kesi hii niliisikiliza mwenyewe, na nilimwamini yule mama kwa sababu ya mkwaju. Kwenye tasnifu mkwaju haupo. Anayesoma anaona nimemwamini tu.”

Aliomba ushahidi wote uwekwe mwishoni kama kiambatisho. Akaambiwa sawa, ila uambatane na tafsiri yake. Kazi ikarudi palepale.

Wasomaji mnakumbuka yaliyotokea mwaka 2021 kuhusu Kiswahili mahakamani. Tarehe 1 Februari, kwenye maadhimisho ya miaka 100 ya Mahakama Kuu hapa Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kwenda Mahakama ya Rufani. Mwezi uleule Bunge likarekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni za kuruhusu Kiingereza katika mazingira maalumu. Kwa mahakama ya mwanzo hilo halikuwa geni, kwani huko Kiswahili ndicho lugha ya kazi miaka yote. Darasa la sheria halikuguswa. Tangu kitivo cha kwanza kifunguliwe Dar es Salaam mwaka 1961, wanasheria wetu wanafundishwa kwa Kiingereza.

Nilidhani atanilalamikia Kiingereza. Badala yake alinieleza habari ya wajane wawili wa Shinyanga. Waume zao walipofariki walifukuzwa kwenye nyumba zao, wakaenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, ambazo zinamwachia mjane kutunzwa na watoto wake kama fungu lake. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa dosari ya tarehe kwenye hati. Wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikawapa haki, ikaitaka Tanzania ibadili sheria hizo.

“Nimeamua mirathi miaka mingi bila kuujua uamuzi huo,” alisema. “Nimeukuta huku masta, kwa Kiingereza. Nisingekuja kusoma, nisingeujua mpaka nastaafu. Sasa nikitoka kwenye lugha hiyo, na mengine kama hayo nitayapata wapi?”

Jibu sikuwa nalo. Ninachoona ni kwamba kilichomsaidia yeye hakijawafikia wanaosimama mbele yake. Mjane wa Bahi au Chamwino anayefika mahakamani kesho hana namna ya kujua kwamba wenzake wa Shinyanga walishinda, na tasnifu ambayo ingemweleza imeandikwa asiweze kuisoma. Hilo linaniuma, kwa kuwa ushahidi uliojenga tasnifu hiyo umetoka kinywani mwa wanawake kama yeye.

Nilimuuliza kama angeiandika upya kwa Kiswahili iwapo chuo kingemruhusu. Alifunua kurasa kidogo kabla ya kujibu.

“Sura ya nne, ya ushahidi, ningeiandika hata leo. Ile ya pili ya nadharia, hapana. Nikianza kujenga hoja ya kisomi, Kiingereza ndicho kinachotangulia, ndivyo nilivyofunzwa tangu mwaka wa kwanza. Na hata nikijikaza nikaimaliza, kaka, sijui nani angekubali kuisahihisha.”